Mama ana kisukari na mimi siko karibu, je nesi wa kwa simu atasaidia?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Kitengela na kufanya kazi ya shifti uwanja wa ndege. Anasema mamake ana miaka 72, ameishi na kisukari miaka 15 hivi, anakaa Kariobangi South na mjukuu wa kidato cha pili. Anajidunga insulini ya Mixtard asubuhi na jioni, anameza tembe za sukari za metfomini na dawa ya presha. Kliniki ni kila miezi mitatu na foleni ni ya kutwa nzima. Wiki mbili zilizopita saa kumi na moja asubuhi mjukuu alimpata amelowa jasho, anaongea vitu havieleweki, mashine ikasoma 2.8, wakampa chai ya sukari akarudi sawa. Sai kuna watu wamempigia huyu dada wanauza huduma ya nesi wa kwa simu, unalipa kila mwezi, mama anapimwa nyumbani, namba zinaenda kwa nesi na nesi anampigia. Anauliza kama ni kitu ya maana ama pesa inaenda bure, na tena mama mwenyewe hataki, anasema hawezi kuulizwa na mtoto mdogo kwa simu amekula nini.

Dadangu, kabla sijafika kwa nesi wa simu tuanze na hiyo 2.8, juu hiyo ndio inanisumbua mimi. Wiki mbili zimepita na sijaona mahali umesema daktari ameambiwa. Sukari ikienda chini ya 3.9 tunasema imeshuka, ikienda chini ya 3.0 hapo ubongo wenyewe unakosa chakula, na ndio maana alikuwa anaongea ovyo. Kwa mtu wa miaka 72 hiyo si ya kusema amepona tuendelee. Anaweza kuanguka akienda choo usiku avunjike nyonga, moyo unaweza kusumbuka, na kuna kitu wengi hawajui, sukari ikishuka mara kwa mara mwili unazoea, lile jasho na kutetemeka kulikokuwa kunamwamsha kunapotea, halafu siku ingine inashuka kimya kimya bila mtu kujua. Kwa hivyo kesho, si tarehe ya kliniki, mtu ampeleke na chupa yake ya insulini, mashine yake na kitabu, aseme wazi sukari ilishuka mpaka 2.8 alfajiri na akachanganyikiwa, waangalie hiyo dozi ya jioni. Usimpunguzie wewe kwa kubahatisha, lakini pia usikubali kuambiwa rudini tarehe yenu.

Nasema dozi ya jioni kwa sababu Mixtard ni insulini mbili ndani ya chupa moja, kuna ya haraka na kuna ya pole pole, na hiyo ya pole pole ndio inafanya kazi usiku kucha watu wakiwa wamelala. Ukidunga inafaa ndani ya nusu saa uwe umekula, tena chakula cha maana, si kikombe cha chai na kipande cha mkate. Sasa fikiria nyumba yenye mjukuu wa kidato cha pili. Shosho anadunga saa kumi na mbili unusu juu ndio saa amezoea, halafu anamngoja mtoto wale pamoja, mtoto anafika saa mbili, wanakula saa tatu kasoro, na shosho anaonja tu juu hana hamu. Muulize kama jioni hiyo ilikuwa hivyo. Kitu ya pili ni figo. Miaka 15 ya sukari pamoja na presha huwa inazichosha, na figo zikichoka insulini inakaa mwilini muda mrefu kuliko zamani, dozi ile ile iliyomtosha miaka mitano iliyopita sai inakuwa nyingi. Muitishe kipimo cha kreatinini. Hata hiyo metfomini inategemea figo, zikifika kiwango cha chini ya 30 kwa kile kipimo wanaita eGFR, cha kuonyesha figo zinachuja damu kiasi gani, inasimamishwa kabisa.

Na ukiangalia vizuri, hayo maswali yote, unadunga saa ngapi, unakula saa ngapi, jioni hiyo mlipika nini, figo zilipimwa lini, hakuna hata moja linahitaji mama akae mbele yangu. Hapo ndio nesi wa simu anaingia. Kliniki ni mara nne kwa mwaka, dakika chache baada ya foleni, na kisukari kinatulizwa ama kinaharibikia huku nyumbani siku zile zingine zote. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya kisukari hapa Nairobi miaka mingi na sai sehemu kubwa ya kazi yangu ni simu, na naamini kabisa kazi hii inaokoa wazee.

Si kitu cha kubahatisha pia. Kule Marekani, jimbo la New York, mwaka wa 2000 walianza utafiti mkubwa ulioitwa IDEATel, walichukua wagonjwa wa kisukari 1,665 wenye umri wa miaka 55 kwenda juu, wengi wao watu wa maeneo yenye huduma haba, nusu yao wakawekewa vifaa nyumbani wakawa wanaongea na manesi kwa vidio. Baada ya miaka mitano waliokuwa na nesi wa mbali walikuwa na sukari, presha na mafuta ya damu afadhali kuliko wenzao. Tofauti ya HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, ilikuwa kama asilimia 0.3, kwa hivyo mtu akikuahidi mama atapona ama ataacha sindano ndani ya mwezi, huyo anakuuzia uongo. Lakini angalia venye ilipangwa. Hao manesi walikuwa na mabingwa wa kisukari nyuma yao, na ushauri ulikuwa unarudi kwa daktari wa mgonjwa.

Kwa hivyo jibu langu ni ndio, inasaidia, lakini kwa masharti mawili. Nesi awe na daktari nyuma yake anayeweza kubadilisha dozi leo ama kesho, na awe na mtu mbele yake ndani ya nyumba, mwenye macho na mikono. Ukikosa huyo wa nyuma, nesi atabaki kuona namba mbaya na kukwambia pole, jaribu kupunguza ugali. Ukikosa huyo wa mbele, hata namba zenyewe huwezi kuziamini.

Ngoja nikupe mfano wa huyo wa mbele. Nilikuwa na mzee fulani wa Eastlands, sukari yake leo 5, kesho 18, kesho kutwa 4, kliniki wanamwongezea dozi tu. Nikamwomba kijana wake ashike simu kwa vidio mzee adunge kama kawaida, mimi nisiseme kitu. Akatoa chupa, hakuizungusha, ile nyeupe yote imekaa chini na juu ni maji. Akachomeka bomba la sindano chupa ikiwa imesimama wima mezani, akavuta, na pale kwa kamera unaona kabisa ncha ya sindano iko juu ya dawa, anavuta hewa na matone. Akaangalia bomba akasema ishirini. Haikuwa ishirini, ilikuwa nusu ya hiyo na hewa ikajaza iliyobaki, mzee alikuwa na mtoto wa jicho na hakuwa amemwambia mtu. Halafu nikamwomba ashikeshike tumbo pale hudunga, akasema kuna uvimbe mbili ngumu hivi, hapo hapaumi ndio maana napapenda. Sehemu yenye uvimbe insulini inaingia ikitaka, leo inakaa, kesho inamwagika yote. Sasa huyo ukimwongezea dozi halafu siku moja jirani amsaidie kuvuta vizuri na adunge mahali pazuri, unampeleka chini kabisa. Tulichofanya ni rahisi, kijana akawa anavuta yeye, chupa inazungushwa taratibu kwa viganja mara kama kumi mpaka iwe nyeupe yote, inageuzwa juu chini ndio dawa ivutwe, anadunga kila siku mahali tofauti, daktari akapunguza dozi kabla tuanze hayo yote, na mzee akaenda kuonwa macho. Kwa karatasi ya kliniki hungeona hata moja ya hayo.

Kwa hivyo kwako huyo mjukuu ndio nguzo, lakini ni mtoto wa shule, usimbebeshe yote. Mfundisheni kwanza mambo mawili. La kwanza ni kuangalia bomba kabla shosho adunge. La pili ni kutibu sukari ikishuka, na hapo mlifanya vizuri ila kuna afadhali zaidi ya chai ya maziwa, juu maziwa yanachelewesha sukari kuingia na chai moto haimezeki haraka. Vijiko vinne vidogo vya sukari kwa maji, akoroge anywe, ama nusu ya soda ya chupa ya 300, soda ya kawaida si ile isiyo na sukari. Mpime tena baada ya dakika 15, ikiwa bado chini ya 3.9 rudia. Ikipanda ale kitu, kipande cha mkate ama uji ama kiporo cha ugali, ndio isishuke tena. Akiwa hawezi kumeza ama hajitambui, hakuna kumwagia kitu mdomoni, alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali, hiyo si ya kumpigia nesi. Sukari na kijiko na chupa ya maji vikae kando ya kitanda chake leo jioni, si kabatini jikoni.

Sasa hao watu wakikupigia tena, wasikupeleke kwa apu yao na michoro yake. Waulize nesi ni nani, jina lake na namba ya leseni, kisha uangalie kwa rejista ya Baraza la Wauguzi la Kenya, iko mtandaoni. Waulize kama ni nesi mmoja atakayemfuata mama ama kila siku ni sauti mpya, juu mzee haambii mgeni ukweli, na nesi anayemjua atasikia kwa sauti tu kwamba leo hayuko sawa, anajibu pole pole, anarudia swali. Waulize dozi inabadilishwa na nani. Nesi mzuri hatoi dozi kichwani kwake, anafuata mpango ambao daktari ameandika, ikiwa hivi fanya hivi, ikipita hapa nipigie, na huo mpango wewe upewe nakala na kliniki yake ya sai ijue. Ukisikia wanasema hawahitaji kuongea na kliniki yake, achana nao, mama atakuwa na madaktari wawili wasiojuana wanaomwandikia dawa moja.

Halafu waulize swali moja gumu, saa kumi na moja asubuhi mashine ikisema 2.8 nani anashika simu? Wengi watakwambia ukweli kwamba usiku hakuna mtu, na hiyo si mbaya, bora muwe mnajua na muwe na namba ya jirani mwenye gari ama mtu wa teksi pale mtaani. Mbaya ni yule anayekwambia tunaangalia saa 24 kumbe ni mashine inapokea namba na hakuna binadamu. Na habari zake zinakaa wapi, nani anaziona? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kama habari nyeti, mama ana haki ya kuulizwa kabla zipelekwe kwingine. Hii naisema kwa uchungu kidogo juu Nairobi imejaa watu wanaosaka namba za wagonjwa wa kisukari wawauzie unga na chai za kumaliza sukari. Siku huyo nesi ataanza kumuuzia mama virutubisho, kata simu.

Tuje kwa mama kukataa. Mimi namuelewa kabisa. Amelea watoto, amezika mume labda, amejidunga mwenyewe miaka yote hiyo, halafu sauti ya miaka 26 inampigia saa ya taarifa ya habari inamuuliza umekula nini. Hata mimi ningekata. Usimpe simu tu useme mama kuna nesi anataka kukuongelesha. Nenda siku ya ofu yako ukae naye, nesi apige ukiwa hapo, asalimie vile mtu mzima anasalimiwa, aulize aitwe vipi, wengine wanataka mama fulani kwa jina la kifungua mimba, wengine shosho, wengine hawataki kuitwa shosho na mtu wasiyemjua. Aulize ni saa ngapi inamfaa. Na kama mama anajieleza vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani kuliko Kiswahili, itisha nesi anayeiongea, hiyo ni haki na si madaha. Kuna maneno ya mwili ambayo mzee hayasemi kwa lugha ya pili, kama ganzi ya miguu, kuwashwa sehemu za siri, kujikojolea usiku.

Namna ya kuuliza nayo ni muhimu sana. Ukimuuliza mzee umekula nini anasikia kesi. Muulize jana jioni mlipika nini, atakwambia githeri, ama chapati juu kulikuwa na wageni, ama viazi vilivyoletwa kutoka nyumbani, na hapo unajua kila kitu bila kumshtaki. Ukishajua anakula nini unaweza kumwambia mama hiyo githeri iko sawa, ongeza maharagwe mahindi yapungue, na managu ama sukuma ijaze nusu ya sahani, ugali uwe wa kipande cha ngumi. Hakuna mtu anafaa kumwambia mama wa Kariobangi ale vitu ambavyo hata hajui vinauzwa wapi.

Na hapa nataka nikae kidogo juu ndio mahali familia nyingi zinaharibu. Nimeshaona vitabu vingi vya sukari vimeandikwa 6.1, 6.3, 6.0, 6.2, mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, wino haujabadilika, na ukifungua kumbukumbu ya mashine unakuta 13, 15, 11 na siku tisa hajapima kabisa. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mzee huyu hafichi kwa ujinga, anaficha juu kila akitoa namba ya kweli anakemewa, na daktari, na watoto, na sai kuna hii ingine ya grupu la WhatsApp la familia. Mtu anapiga picha mashine inasoma 12.4 anatuma kwa grupu, mtoto wa Nakuru anaandika mama ulikula nini tena, wa Qatar anatuma vidio ya mtu anasema ukwaju unatibu, binamu anaweka emoji ya kulia. Shosho anasomewa hayo yote na mjukuu. Kesho yake mashine imeharibika, si eti imeharibika kweli, imewekwa chini ya godoro. Tafadhali, namba za mama zisiingie kwa grupu la familia. Ziende kwa nesi, na kwako kama mama amekubali, basi.

Tena namba nyingi mnazogombania wala si mbaya. Mtu wa umri wake, mwenye insulini na ambaye ameshuka mpaka 2.8, hatafutiwi sukari ya kijana. Kwa wazee wenye magonjwa kadhaa tunakubali asubuhi kabla ya kula kati ya 5.0 na 8.3, kabla ya kulala kati ya 5.6 na 10, na HbA1c ikiwa chini ya 8 tunashukuru. Muulizeni daktari aandike lengo la mama mwenyewe kwa kitabu, liwe wazi. Na mashine ya nyumbani inaruhusiwa kukosea kama asilimia 15 juu ama chini, kwa hivyo leo 7.9 kesho 8.6 ni kitu kimoja, hakuna aliyeiba sukari usiku.

Kwa kupima, nesi asiwaambie mpime mara saba kwa siku kama mnanunua stripu, vile vibanzi vya kupimia damu, kwa mfuko wenu, mashine yenyewe ni bei nafuu, ni stripu ndizo zinamaliza watu. Kwa hizi wiki chache baada ya kushuka apimwe kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya kulala, na wakati wowote anajisikia vibaya ama anaonekana mkali bila sababu, juu kwa mzee sukari ikishuka mara nyingi inakuja kama hasira ama usingizi ama kuchanganyikiwa na watu wanasema ni uzee. Dozi ikibadilishwa nesi anaweza kuomba siku moja mbili apimwe saa tisa usiku. Ikitulia unapunguza, leo asubuhi, kesho kabla ya chakula cha jioni, kesho kutwa kabla ya kulala, kwa wiki unapata picha nzima kwa stripu saba. Anawe mikono na maji na sabuni akaushe, akitoka kumenya embe mashine itasoma embe. Kopo la stripu lifungwe mara moja, zikishika unyevu zinadanganya. Na kama mtu wa nje aliwaletea mashine, angalia kioo, za Marekani zinasoma kwa mg/dL na zetu kwa mmol/L, 126 huko ni 7.0 kwetu, unagawanya kwa 18. Nimeona familia ikikimbilia emajensi usiku kwa sababu ya mashine iliyosoma 140, na 140 ni 7.8.

Simu si lazima iwe ya kioo. Mulika mwizi inatosha kabisa kwa mazungumzo, na mazungumzo ndio kazi yenyewe, vidio inahitajika ile siku moja ya kuangalia anavyodunga na siku za kuangalia miguu, hizo siku mjukuu ama wewe uwe na simu na bando. Kama mama hasikii vizuri, nesi aongee na mama halafu arudie na mjukuu, lakini asiongee na mjukuu tu huku mama ameketi hapo kama hayupo.

Kuna vitu simu haiwezi, na nesi akisema inaweza mkatalie. Miguu inafaa ishikwe na mtu anayejua, angalau mara moja kwa mwaka, na kwa mtu mwenye ganzi mara nyingi zaidi, ile ya kupima kama anahisi na kama damu inafika. Nyumbani kila jioni mjukuu aangalie nyayo na katikati ya vidole, mama asitembee miguu mitupu hata ndani ya nyumba, na maji ya kuoga yapimwe na kiwiko, si kwa mguu. Macho kila mwaka, figo na mkojo kila mwaka, HbA1c mara mbili angalau. Kidonda mguuni, hata kidogo, kwenda kuonekana ni leo. Kutapika na hawezi kuweka chakula, sukari juu ya 15 mara mbili mfululizo na ana kiu kali ama usingizi usio wa kawaida, mashine ikiandika HI, yaani sukari iko juu hata mashine haiwezi kuisoma, maumivu ya kifua, mdomo umeenda upande, hizo zote ni hospitali moja kwa moja, nesi ataambiwa mkiwa njiani. Na akiugua, insulini haisimamishwi kwa kuwa hakula, hapo ndio unapiga simu uulize ipunguzwe kiasi gani.

Pesa sasa. Usilipie mwaka, hata wakikupa punguzo. Lipa mwezi mmoja. Na kabla hata ya huo mwezi, uliza kliniki yake kama wana namba ya kupigia, kuna kliniki ambazo manesi wanafuata wagonjwa kwa simu bila malipo, ni vile watu hawaulizi. Ulizia pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wa mama, wale serikali iliwapa mikoba ya vifaa Septemba 2023, ndani kuna mashine ya presha na ya sukari, anaweza kupita nyumbani na akawa ndio macho ya nesi siku mjukuu ako shule. Na kama mama bado hajasajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, msajilini wiki hii, huduma za msingi kwa vituo vya level 2 na 3 zinalipiwa na hazina ya afya ya msingi na si mfuko wako.

Mwezi ukiisha kaa na mama umuulize, bila nesi kusikiliza, kama anamjua huyo nesi kwa jina na kama kuna kitu alimwambia ambacho hakuwa amewaambia nyinyi. Uangalie kama tangu muanze kuna kitu kimebadilishwa na daktari kwa sababu ya hizo namba, dozi, saa ya kudunga, kipimo kilichoitishwa, chochote. Na uangalie kama sukari imeshuka tena chini ya 3.9, na kama ilishuka, nani alipiga simu na baada ya muda gani. Ukipata majibu mazuri lipia mwezi wa pili. Ukikuta ni apu tu inajaa namba na hakuna aliyezifanyia kazi, hiyo pesa nunulia mama stripu na umpe mhudumu wa mtaa namba yako.